Poti za Laki Mbili na Nusu

Verna Stubblefield aliamka na hasira, na pale Oildale, mji mdogo wa visima vya mafuta kaskazini ya Bakersfield, kila mtu alijua kwamba siku kama hiyo humsalimii mara mbili. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na kwa miaka thelathini na minne ametengeneza magitaa ya umeme katika gereji ya marehemu baba yake. Hakuna baa ya muziki pale mjini ambayo magitaa yake hayajapita mikononi mwa Verna. Sasa mdogo wake wa tumbo moja, Orval, alikuwa anamharibia jina.

Gitaa la Orval lilikuwa la mtindo wa zamani, ubao mzito wenye sumaku mbili za kunasa sauti. Mwezi wa Machi Verna alilifunga nyaya upya, na chini ya vitufe vya sauti na toni akaweka poti, vile vidude vinavyozungushwa kupunguza au kuongeza, za ukinzani wa omu laki mbili na nusu, kama gitaa la aina ile linavyotaka. Ukiongeza ukinzani, ukali wa sauti nyembamba unapita kwa wingi. Ukizidisha, gitaa linachoma masikio. Hilo Verna analijua hata usingizini. Orval akalirudisha, eti limefifia. Verna akaweka za laki tano. Orval akalirudisha tena. Verna akaweka za milioni moja huku akisonya, maana sasa lililia kama bati linalokwaruzwa. Ndipo Orval akawaambia wenzake wa bendi kwamba dada yake masikio yamekwisha. Wateja wawili wakachukua magitaa yao wakampelekea fundi mwingine.

"Leo hutoki hapa mpaka tumalizane," Verna alimwambia Orval asubuhi ile gerejini. "Na wewe Delbert, kaa, ushuhudie."

Delbert Pruett, kiongozi wa bendi, alikuwa amepitia kununua nyuzi tu. Alikaa na kikombe chake cha kahawa, hakubisha.

Verna akalifungua gitaa, akazing'oa poti zote, akalehemu waya wa sumaku moja kwa moja hadi kwenye tundu la kuchomekea.

"Sasa hamna kitu katikati. Ukali wote aliouumba Mungu umo humo. Haya, piga."

Orval akapiga. Delbert akaruka, kahawa ikammwagikia mapajani.

"Bado," Orval akasema. "Kama limefunikwa blanketi."

Verna alifungua kinywa amtukane, kisha akakumbuka kitu. Orval amefanya kazi miaka ishirini na minane kwenye visima vya mafuta, pampu zikimngurumia sikioni.

"Orval, ulishapima masikio?"

Orval akainamia viatu vyake.

"Nakuuliza wewe."

"Mwaka jana. Sauti nyembamba zimeondoka. Daktari kasema hazirudi."

"Mwaka jana!" Verna akafoka. "Ulijua, ukaniacha nijione mzee? Nasimama jikoni nasikiliza birika, nijue kama nasikia! Mama angekuwepo angekuvunjia gitaa hili mgongoni."

"Delbert angenitoa, dada. Nikitoka kwenye bendi nabaki na nini?"

"Kwa hiyo ukanitoa mimi."

Orval akamgeukia Delbert. "Yeye hana kosa. Mimi ndiye sisikii."

Delbert aliendelea kujipangusa suruali. "Kwenye onyesho la Ijumaa pumzika kwanza," alisema mwishowe. "Nitatafuta mtu wa kushika nafasi yako." Akaaga, akaondoka.

Verna alikuwa amepata alichokitaka, na hasira haikupungua hata chembe. Alimkasirikia Delbert kwa kuharakisha, akamkasirikia Orval kwa kukaa pale tu. Alizilehemu upya zile poti za laki mbili na nusu, akachomeka gitaa, akapiga nyuzi zote sita. Sauti ilitoka safi, nzito, yenye makali ya kiasi.

Alipoinua kichwa akamkuta Orval hatazami gitaa. Alikuwa anamtazama yeye usoni, apate kujua limeliaje.

"Liko sawa?"

"Liko sawa," Verna akajibu, kwa ukali.