Neno la Ndani ya Kola

Kila ilipofika Juni, baridi ya Johannesburg ilipouma masikio, mume wangu alivaa sweta moja nzito ya sufu. Ilifumwa kwa mkono huko Ufini, alikokaa miaka ya uhamishoni, akiukimbia ubaguzi wa rangi kwao Afrika Kusini, kabla hajafika Morogoro na kunioa. Ndani ya kola palikuwa na neno lililotariziwa kwa uzi mwekundu: Kulta.

Nilijua ni jina la mwanamke. Tulipohamia Johannesburg, mtaa wa Observatory, nilimchukia huyo Kulta kwa moyo wangu wote. Nikiikamua sweta, nilikuwa namkamua yeye.

Siku moja uzalendo ukanishinda. "Kulta ndiye nani?"

Mume wangu akacheka mpaka akashika ukuta. "Eish, mama watoto! Si mtu, ni dhahabu kwa Kifini. Tena ni ndugu na hii eGoli tunayokaa."

Niliona haya, lakini sikutosheka. Nikaenda maktaba ya mjini, nikaomba vitabu vya asili ya maneno, nikalichunguza lile neno kama watu wanavyochunguza ukoo posa ikiletwa. Hakunidanganya. Wafini waliliazima zamani mno kwa watu wa Kijerumani wa kale. Ukoo huohuo, kwa upande mwingine, ukazaa gold ya Waingereza, Wazulu wakaifanya igolide, ndipo mji wetu ukaitwa eGoli, penye dhahabu. Nikafurahi. Halafu nikafungua kamusi ya Kifini na kukuta maana ya pili, aliyoiruka bwana yule: mpenzi.

Mimi miaka yote naitwa mama watoto.

Nikarudi nyumbani nimefura. Nikachemsha maji, nikaitumbukiza sweta, nikaisonga kwa mwiko kama ugali. Ilitoka imekakamaa na kusinyaa, haimtoshi mtu mzima yeyote.

Jioni ya pili, ilipokauka, mume wangu aliishika akaigeuzageuza. Akamwita binti yetu wa miaka minne, akamvisha. Ilimkaa kana kwamba alipimwa. Kola ilikuwa imejipinda nje, na lile neno jekundu likaonekana kisogoni.

Akarudi nyuma hatua chache, akachuchumaa, akafungua mikono. "Kulta," akaita, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Njoo kwa baba."

Mtoto akakimbia. Nilisimama mlangoni pa jikoni nikimwonea wivu binti yangu mwenyewe, na maji niliyachemsha mimi.