Karibu Isiyoandikwa

Tulimwita Jiwe. Miaka yote niliyompaka poda usoni, sikuwahi kumwona akikosea neno mbele ya kamera. Watoto wakikutana naye barabarani walitoka mbio, maana kwenye filamu alikuwa mtu mbaya kupindukia. Kumbe nyumbani alikuwa akiogopa mende.

Jina lilikua, nyumba ikapoa. Mkewe alipofariki, Jiwe alikuwa mbali akirekodi, akafika kaburi limeshafukiwa. Bintiye hakumgombeza. Alifungasha vitu vyake, akahama, akakata mguu.

Ndipo ikaja filamu ile. Jiwe aliigiza baba mwenye kinyongo: ameketi gizani, binti yake anabisha hodi, naye hamjibu. Kazi yake ilikuwa kunyamaza tu, basi.

"Hodi," mwigizaji wa kike akaita nyuma ya mlango ule wa maigizo, usio na nyumba.

"Karibu, mwanangu," Jiwe akajibu.

"Kata," akasema mwongozaji. "Mzee, hapa hujibu."

"Samahani. Ulimi umeteleza."

Wakarudia. Hodi. Karibu, mwanangu. Wakarudia tena, na kila mara sauti yake ilizidi kushuka, kama ya mtu anayeongea usingizini. Mafundi wa taa wakaanza kukonyezana. Mimi machozi yalinilenga, maana sauti ile sikuwa nimeisikia kwenye filamu yake hata moja.

"Mzee, unanimaliza," mwongozaji akasema. Kisha akaiacha ile karibu ibaki kwenye filamu.

Filamu ikatoka. Watu wakasema Jiwe amezeeka, amelainika. Yeye wala hakujali. Alishinda sebuleni, mlango ameurudishia tu bila komeo, jua la alasiri likitambaa sakafuni, akisinzia na kuzinduka. Jumapili moja nilipomtembelea akaniuliza, "Dada, unadhani ameiona?"

Nikamwambia sijui. Ningemdanganya vipi, na uso wake naujua kuliko wangu.

Tukiwa tumekaa hivyo, mlango ukasukumwa taratibu. Binti aliingia, akavua viatu, akaketi chini karibu na magoti ya baba yake. Alikuwa amenenepa kidogo.

"Hata hodi hupigi?" Jiwe akauliza, macho ameyafumba nusu.

"Tangu lini nikapiga hodi kwetu, baba?"

Jiwe akaweka mkono juu ya kichwa cha bintiye, akauacha hapo, kisha akanigeukia mimi na kuninong'oneza kwa woga:

"Dada, hawajasema kata?"

"Hakuna wa kusema, kaka," nikamwambia.