Aliyesimama Nyuma ya Hemedi

Harufu ya chaki ya bluu, ile wanayopaka kwenye ncha ya fimbo ya pool, kwangu mimi haiji peke yake. Inakuja na harufu ya ufuta unaokauka. Mwezi wa sita Nachingwea yote hunuka ufuta: miganda imesimamishwa mashambani, magunia yamepangwa barazani, hata nguo za watu zinanuka mafuta mafuta. Banda la baba lilikuwa nyuma ya soko, limeezekwa bati, na chini yake kulikuwa na meza moja ya pool yenye kitambaa cha kijani kilichochunika katikati. Haikuwa baa. Baba ni mtu wa msikitini, asingekubali chupa ya bia iguse ukingo wa meza yake, kwa hiyo jirani yetu alikuwa muuza chipsi, na wateja wetu walikuwa bodaboda, wanafunzi na vijana waliotoka kuuza ufuta. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na msimu ule nilikuwa na wivu kiasi kwamba hata leo nikiinusa ile chaki moyo unanichoma kidogo.

Niliyemwonea wivu ni Hemedi, mtoto wa shangazi yangu, dada yake baba. Tulilingana umri na tulisoma darasa moja. Hemedi hakunikosea chochote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angekuwa na roho mbaya ningepumua, ningesema ah, huyu ana roho mbaya. Lakini alikuwa mpole, anacheka na kila mtu, akipewa andazi anakumegea nusu. Tatizo lilikuwa baba yangu. Kwetu Wamwera mtoto ni wa upande wa mama, na mwanamume anayemsimamia mtoto wa kiume, anayempeleka jandoni na kumfundisha kazi, ni mjomba. Sasa baba yangu alikuwa mjomba wa Hemedi. Kila jioni alimsimamisha mbele ya meza, akamshika kiwiko, akamwinamisha kidogo, akamwambia, "Fimbo usiipige, isukume. Legeza mkono, mjomba." Mjomba huku, mjomba kule. Mimi nilikuwa natoa mipira kwenye mashimo na kufagia. Siku nilipouliza kwa nini mimi sifundishwi, baba alinitazama kama vile nimemuuliza kwa nini jua linachomoza upande ule. Mama ndiye aliyenijibu, akiwa anapepeta ufuta uani: "Hemedi ni wa kwake. Wewe una mjomba wako Chiola. Mlilie huyo."

Mjomba wangu wa Chiola, Mjomba Issa, alikuwa mkulima kuanzia unyayo hadi utosi, na pool hakuijua ni mdudu gani. Kiswahili chenyewe alikizungumza kwa kukitafuta, akikwama anarudi kwenye Kimwera chake. Nilimpenda, sisemi uongo, lakini ningembadilisha na baba siku yoyote ile. Basi nikajifundisha mwenyewe. Asubuhi kabla wateja hawajafika baba aliniachia mpira mweupe peke yake, nami nilikuwa naupiga ukingoni, unarudi, naupiga tena, nikikumbuka kila neno alilomwambia Hemedi jana yake. Maneno yake niliyaiba yote. Nilijua hata namna baba anavyokohoa Hemedi akikosea. Kwa wivu ule nilicheza mpaka vidole vikaota sugu, na ilipofika katikati ya mwezi nilikuwa nawafunga bodaboda wazima, watu wenye ndevu. Baba aliona. Alisema "Hee, na huyu naye," kisha akaendelea kuhesabu chenji ya mteja.

Ndipo zikaja habari za mashindano ya watoto Ruangwa. Mfanyabiashara mmoja mtu wa Moshi, mwenye ukumbi kule, alitaka kuonyesha kwamba pool si mchezo wa walevi, akaita watoto wa chini ya miaka kumi na sita kutoka wilaya zote mbili, yao na yetu. Masharti yake yalikuwa machache: uvae viatu, na uje na mzazi atakayesimama nyuma yako wakati unacheza, ili pasiwepo wa kusema watoto wameachwa ovyo. Niliposikia "mzazi" nilifurahi mpaka usingizi ukanipaa. Mzazi! Mzazi wa Hemedi ni shangazi, mimi mzazi wangu ni baba. Nikasema sasa yule bwana wa Moshi amenitendea haki, siku hiyo baba atasimama nyuma yangu, apende asipende. Nilimwambia hivyo mama. Akanicheka mpaka ungo ukamwagika.

Siku ya safari baba alitupakia kwenye pikipiki yake, mshikaki, sisi wawili nyuma. Nilikimbilia nafasi ya katikati, ile unayomkumbatia dereva. "Hemedi akae katikati," baba akasema, "wewe mrefu kaa nyuma." Basi njia nzima Hemedi ameshika shati la baba na mimi nimeshika shati la Hemedi, vumbi jekundu lote linaniishia mimi. Hemedi aligeuka akaniuliza kama nimekaa vizuri. Nikamwambia atazame mbele.

Ukumbini tulikuta kichekesho. Watoto wa walimu na watumishi waliohamishiwa kwetu kutoka mikoani walikuja na baba zao, mashati yamepigwa pasi. Sisi wengine wote, wa Matambarale, wa Namungo, wa wapi, tulikuja na wajomba. Bwana wa Moshi alipita akiuliza, "Wewe ndiye mzazi?" na kila mtu anajibu, "Mimi mjomba wake." "Nimesema mzazi!" "Ndiyo huyo huyo." Aliuliza mpaka akachoka, akajifuta jasho, akasema haya, wajomba simameni. Hapo hapo nilimwona Mjomba Issa anaingia mlangoni na baiskeli mkononi kama vile ni mbuzi wa kumwingiza zizini, akaambiwa aiache nje. Mama alikuwa amemtumia ujumbe. Alikuwa ameacha ufuta wake umeshapasuka maganda, na ufuta ukishapasuka haumsubiri mtu, upepo ukipita tu unamwaga mbegu chini. Akaja kusimama nyuma yangu, amevaa kanzu ya Idi, ananuka jua na shamba. Ng'ambo ya ukumbi baba alikwenda moja kwa moja akasimama nyuma ya Hemedi. Hakutazama hata huku wala kule.

Mjomba Issa aliniuliza jambo moja tu: "Mpira ukiingia shimoni ndiyo bao?" Nikamwambia ndiyo. Sikumfafanulia kwamba mweupe haupaswi kuingia, maana nilikuwa natazama ng'ambo. Basi mchezo wa kwanza, dhidi ya kijana wa Namungo, nikapiga vibaya, mweupe ukatumbukia, na Mjomba akaruka juu na kanzu yake: "Hewaaa! Umeuingiza mkubwa wao!" Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Hata bwana wa Moshi alicheka. Nilitamani sakafu inimeze. Kule nyuma ya Hemedi baba alisimama kimya, mikono mgongoni, anajua kila pembe ya meza. Hemedi akipiga vizuri, baba anaitikia kwa kichwa kidogo tu; Hemedi akikosea, baba anakohoa. Nikawaza, ningepata hicho kikohozi kimoja tu, hata kwa kukosea, ningeridhika.

Nilimfunga yule wa Namungo kwa hasira. Nikamfunga mtoto wa mwalimu mmoja, baba yake akanipa mkono. Kila nilipomaliza meza niligeuka kumtafuta baba, na kila mara macho yake yalikuwa kwa Hemedi, naye anawafunga wa kwake upande ule polepole, kwa adabu. Mwishoni tukabaki sisi wawili. Wageni walishangilia kusikia tumetoka banda moja. Mtu mmoja alimwambia baba, "Mzee, leo hupotezi, wote wako!" Baba akatabasamu, lakini miguu yake haikuhama. Nilisema moyoni, haya, nitamfunga mbele yako, tuone utasimama wapi.

Tulicheza sawa kwa sawa mpaka ukabaki mpira mweusi, ule wa mwisho unaoamua mshindi. Zamu ilikuwa ya Hemedi, na mweusi ulikuwa mdomoni mwa shimo, wa kugusa tu. Baba alimnong'oneza kitu. Sikukisikia, lakini nilikijua, kwa sababu nilikuwa nimekiiba mwezi mzima: usiipige, isukume. Hemedi aliinama, akavuta pumzi, na nadhani furaha ilimzidi. Aliipiga. Mweusi ukaingia kwa kishindo na mweupe ukaufuata taratibu, ukasita ukingoni, ukatumbukia. Ukiingiza mweupe pamoja na mweusi umeshindwa. Bwana wa Moshi akaninyanyua mkono. Nilikuwa bingwa wa watoto wa wilaya mbili bila hata kupiga mpira wa mwisho.

Niligeuka kumtazama baba. Alikuwa ameshamshika Hemedi mabegani, amemwegemeza kifuani, anamwambia maneno sikioni, Hemedi analia na baba anamfuta machozi kwa kofia yake. Sikuwahi kuona kofia ile ikiguswa na mtu. Wakatoka nje pamoja, na nyuma yangu Mjomba Issa, aliyeona Hemedi ameingiza miwili kwa mpigo, akanishika mkono kwa huzuni. "Pole, mjomba," akaniambia. "Yule kijana ametuzidi. Siku nyingine na sisi tutapata." Watu walikuwa wanapiga makofi, bwana wa Moshi ananiletea kikombe na mpira wa miguu wa zawadi, na Mjomba ananipa pole. Nikaanza kulia. Mjomba alidhani nalia kwa kushindwa, akalia na yeye. Ilibidi mtoto wa mwalimu amweleze kwamba tumeshinda. "Sasa analia nini?" akauliza.

Nalia nini? Nilikuwa na kikombe mkononi na nilimwonea wivu aliyeshindwa. Ningempa Hemedi kikombe, mpira na viatu nilivyovaa, ili mimi ndiye niwe nje pale nafutwa machozi kwa kofia. Jioni, kabla hatujaondoka, baba alinipa mkono kama anavyompa mkono mteja, akasema, "Umecheza." Neno hilo nililila kwa miaka.

Siku hizi naishi Ruangwa, nauza vipuri vya pikipiki, na meza za pool zimejaa kila kona, watoto wanacheza hata kwenye simu. Baba yupo nami, mgongo umepinda, anasikia kwa sikio moja. Hemedi yuko Masasi, ni fundi mzuri, akipiga simu baba anaipokea kabla haijaita mara mbili. Nimeshazoea. Watu huwa wananiambia mambo ya wajomba yamepungua, kila mtu sasa anashika mwanawe, na vijana wa leo hata Kimwera chenyewe wanakisikia kwa bibi zao. Mimi nilidhani hivyo hivyo, mpaka mwaka huu dada yangu aliponiletea mwanawe Yasini, siku ya mashindano ya watoto hapa hapa mjini, na miguu yangu ikajipeleka yenyewe nyuma ya Yasini. Sikufikiri. Nilipoinua macho ndipo nikamwona mwanangu, miaka kumi na mmoja, amesimama upande wa pili wa meza na fimbo yake, peke yake, kwa sababu mjomba wake yuko safarini Mtwara. Alikuwa ananitazama, na macho yale niliyafahamu vizuri mno.

Nikataka kuvuka. Nilishainua mguu. Kisha nikamwona baba ananyanyuka kwenye benchi, anasukuma watu kwa fimbo yake ya kutembelea, anazunguka meza polepole mpaka akafika nyuma ya mjukuu wake. Akamshika kiwiko. Akamwinamisha kidogo. Akavua kofia, akampangusa jasho la usoni. "Usiipige, mwanangu," akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri, "isukume." Ukumbi ulikuwa na kelele, lakini neno hilo, mwanangu, lilinifikia zima zima.

"Mjomba," Yasini akanivuta shati, "zamu yangu, mbona hutazami?"

"Natazama," nikamjibu.

Uongo mtupu. Mtu mzima na ndevu zangu, na duka, na mke, nimesimama mbele ya kadamnasi ya Ruangwa, namwonea wivu mwanangu.