Finjani ya Mjumbe

Iliki na zaafarani zikichemka kwenye dele la kahawa, mawazo yangu hurudi nyumbani kwetu Matrah, Maskati, juu ya bandari, msimu ule wa uchaguzi. Wakati huo si kila mtu aliyepiga kura. Kila mtaa waliteuliwa wachache, na baba na ami zangu wawili walikuwamo. Mjumbe wetu wa baraza alikuwa kitini tangu mimi sijajua kusoma. Safari ile baba alimwahidi kura zao tatu jirani yetu Bi Zuwena, aliyegombea kiti hicho, mwalimu aliyekuwa akinifundisha hesabu uani kwake, nasi wa nyumbani tukaambiwa tusiitoe siri hiyo nje. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Mchana mmoja Mjumbe alinikuta natoka skuli, jua limewaka, akanipakia garini. Kiti cha mbele, harufu ya udi, baridi ya kiyoyozi usoni. Akanitania kwamba nimeshakuwa mwanamume, bila shaka baba hanifichi kitu. Ulimi hauna mfupa. Nilimwambia yote.

Kesho yake alasiri akaja kwetu. Mimi ndiye niliyemimina kahawa. Aliipokea finjani, akaiweka chini mbele yake, asiinywe. Kwetu mgeni akifanya hivyo ana haja, na ni aibu kubwa kwa mwenyeji aondoke hajainywa. Baba aliitazama finjani mpaka mvuke ukakatika.

"Sema haja yako, shekhe."

"Nna haja na kura zenu tatu."

Baba hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Umepata. Kunywa kahawa yako."

Bi Zuwena alishindwa kwa kura mbili. Mjumbe akarudi kitini, na baadaye akarudi tena. Baba hakunipiga wala hakunikemea; aliacha tu kuzungumza mambo yake mbele yangu, mpaka akafariki.

Tangu hapo nimehamahama: Salala, Dubai, Unguja, na sasa Maskati tena. Siku hizi watu hupiga kura kwa simu, peke yao, hakuna wa kuwawekea finjani. Juzi nilikwenda Al Khoudh kumwamkia Bi Zuwena. Alinimiminia kahawa, akasema, "Baba yako, Mungu amrehemu, alinigeuka. Mpaka leo sijui kwa nini."

Nikaiweka finjani chini.

Akaiona. "Una haja gani, mwanangu?"

Nikasema sina. Nikaiinua, nikainywa yote kwa mara moja, ingali ya moto, ikaniunguza ulimi.