Jina Moja Kwenye Ripoti ya Nyota

Hii sijaitunga. Cheka ukitaka, hata mimi ningecheka kama yangempata mwingine.

Ijumaa ile nilibaki peke yangu kwenye chumba cha kompyuta cha shule yetu, huku Kebirigo. Klabu yetu ya anga hutumiwa na watafiti wa nyota picha za Andromeda, galaksi jirani. Unaweka ya zamani na mpya, unazibadilisha haraka haraka, unatafuta kinukta ambacho hakikuwepo. Kazi hiyo mimi hufanya na Kwamboka, kwa sababu yeye ana macho. Lakini ni Msabato, kwa hivyo alienda kwao mapema kabla jua halijazama na Sabato kuanza. Mimi Mkatoliki nikabaki, nikafunga komeo.

Mvua ilipiga mabati hadi hungesikia mtu akikohoa kando yako. Nikageuka. Kwamboka huyo, nyuma ya kiti changu.

"Kipofu wewe! Hiyo miwani ni ya urembo?" Akaweka kidole kwenye skrini. "Si ni haka hapa? Kwa ile ya zamani hakapo."

"Si ulienda ibadani?"

"Tuma kwanza. Andika jina langu na lako."

Kilikuwepo kweli, kinukta kama chembe ya unga. Labda nova, nyota iliyowaka ghafla! Nikainua kichwa nimshike mkono. Hakuna mtu. Komeo liko vile nililiacha. Ndipo nikang'amua, niamini, sweta yake ilikuwa kavu kabisa, na sauti yake niliisikia wazi katika mvua ile yote.

Wewe ungekimbia, sivyo? Mimi nilikaa, nikajaza ripoti. Kwenye majina ya walioona nikaandika langu tu. Nani atajua? Si hakuwa hapa?

Jumatatu, aliposikia habari, Kwamboka alinikumbatia mbele ya darasa lote. "Mtu wangu, umepata nyota!" Halafu akacheka. "Mimi Ijumaa nilisinzia ibadani mpaka mama akanifinya. Nikaota nakutukana juu ya miwani."

Nikasema, "Aki wewe na ndoto zako."

Jibu lilikuja kwamba inawezekana ni nova. Jina langu liko hapo. Kwamboka huniita mbele ya wageni, "Huyu ndiye aliiona." Siku hizi klabuni nakaa na mwingine, maana nitamwambia nini? Kwamba alikuja, ama kwamba nilimfuta?

Kwa hivyo wewe unayesoma, mtu akikuonyesha kitu, hata kama huwezi kueleza alifikaje hapo, andika jina lake kabla ya lako. Woga wa jioni ile uliniisha baada ya siku mbili. Aibu bado.