Dereva Aliyefoka Whitby

Dereva wa basi la matembezi la kina Winifred alikuwa mtu wa samahani. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayeomba radhi. Hata pipa la taka alipoligonga, Winifred alimsikia akilitaka radhi. Huko Whitby, mji wa pwani ya Uingereza, mvua iliwanyeshea kwenye foleni ya choo, na Winifred, bibi wa miaka themanini, alikuwa amebana hadi machozi yanamlenga. Zamu yake ilipofika, jibaba moja likachomekea mbele yake. Watu wakakohoa tu. Huo ndio ukali wao wote.

“We baba, toka hapo! Anayefuata ni huyu mama!”

Aliyefoka ni dereva. Foleni nzima ikaduwaa, jibaba likarudi nyuma. Winifred naye akaganda, mdomo wazi. Dereva akamnong’oneza: “Ingia basi, mama, tafadhali. Kelele ya pili sina.”