Sabuni ya Wafungwa

“Ondosha hii sabuni!” nimemufokea mujukuu wangu, naye hajui kosa lake. Inanukia sawasawa na ile ya kule mujini Kasongo, wakati wa vita, walipoletwa maofisa wazungu waliotekwa na wazungu wenzao. Tuliambiwa ni wafungwa.

Siku hiyo mimi na mama tulimupelekea baba chakula kifungoni, maana alifungwa kwa kutoleta mupira wa porini wa kutosha, ule utomvu wa miti serikali ilitulazimisha kukusanya. Tulimukuta na munyororo shingoni, akiwabebea wale maofisa maji ya kuoga. Mumoja wao, sabuni mukononi, akachovya kidole, akayamwaga yote chini, ati yamepoa. Baba akarudishwa mutoni na ndoo yake.

“Mama, si walisema wafungwa ni wale?”

Mama akanifinya mukono. “Nyamaza! Mufungwa njo baba yako. Wale ni wazungu.”